Cheti cha Uhalisi wa Mchoro au Kinyago, Hatua kwa Hatua

Edward Saidi Tingatinga alishika brashi kwa takriban miaka minne tu. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi na kwa rangi za enameli, zile zile za kupakia baiskeli. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Kazi alizouza kando ya barabara sasa zinapandishwa kwenye minada ya kimataifa, na sahihi yake imeigwa mno. Kila unapoibuka mchoro wenye "E. S. Tingatinga" pembeni, swali la kwanza ni kama kweli huo ni mkono wake, na mara nyingi hakuna karatasi ya kulijibu.

Msanii wa leo anaweza kuwaepusha wanawe na wateja wake na mabishano hayo kwa karatasi moja. Kuiandika si kazi. Kinachowashinda wengi ni maandalizi yanayotangulia karatasi. Nimeshika vyeti vyenye nakshi za dhahabu na utepe mwekundu vilivyoandikwa "Mchoro halisi wa Kiafrika", basi, hakuna zaidi. Mchoro upi? Wa nani? Wa lini? Cheti cha namna hiyo ni kama kadi ya gari isiyo na namba ya chesisi: unaweza kukihamishia kwenye mchoro wowote upendao, na wajanja ndivyo wanavyofanya.

Maelezo haya ni ya mchoraji au mchongaji anayeuza kazi zake mwenyewe, iwe Mwenge, Oysterbay, Nairobi, au kwa WhatsApp kwa mtu aliyeko Doha. Mnunuzi naye nimemwekea sehemu yake huko mbele.

Kabla ya yote: nani asaini?

Msanii akiwa hai, ni yeye. Hakuna anayemzidi. Duka au jumba la sanaa lililopokea kazi mkononi mwa msanii linaweza kutoa cheti chake, mradi liseme waziwazi kwamba lilipokea kwa nani na lini. Msanii akishafariki, mambo yanakuwa magumu: wanahukumu warithi wenye kumbukumbu zake, au mtaalamu ambaye soko linamkubali kwa msanii huyo. Kuwa mtoto wa marehemu hakumfanyi mtu ajue kutofautisha mkono wa baba na mkono wa mwanafunzi wa baba.

Fundi fremu, duka la zawadi la hotelini na dalali hawana la kuthibitisha. Waandike risiti inayosema wameuza nini, kwa bei gani, na walikipata wapi. Risiti ya kweli ina faida kubwa baadaye kuliko cheti cha kubuni.

Tena msidhani kusaini ni jambo la urembo. Katika jimbo la New York, sheria inahesabu cheti cha uhalisi kinachotolewa na mfanyabiashara wa sanaa kwa mnunuzi wa kawaida kuwa ni dhamana. Kilichoandikwa kikiwa uongo, mnunuzi ana pa kuanzia kudai. Hata majimbo mengine ya Marekani au huku kwetu, karatasi uliyosaini ni ushahidi, kwako au dhidi yako.

Hatua ya kwanza: anza nyuma ya kazi

Kazi yenyewe ndiyo ibebe utambulisho kwanza. Nyuma yake andika jina lako, jina la kazi, mwaka na namba ya kazi. Hapa zana ni muhimu. Kalamu ya makapeni ikigusa kitambaa cha pamba, wino unaweza kupenya polepole hadi mbele, ukajitokeza kwenye anga ya bluu uliyoisugua siku nzima. Tumia rangi ya akriliki na brashi nyembamba, uandike kwenye pindo linalozungukia fremu ya ndani, au kwenye mbao za fremu hiyo. Kazi ya karatasi iandikwe kwa penseli laini, bila kukandamiza.

Wachoraji wa mtindo wa Tingatinga wanaouza kazi zilizokunjwa kama mkeka, bila fremu, waache ukingo mweupe wa sentimita tano hivi kila upande. Ukingo huo una kazi mbili: fundi fremu atapata pa kuvutia bila kula mchoro, nawe utapata pa kuandika. Ila andika na nyuma ya mchoro wenyewe, maana wapo wanaoukata ukingo huo.

Kinyago ni habari nyingine. Wino juu ya mpingo hauonekani, na stika ya gundi itabanduka joto la kwanza. Chonga herufi zako na namba chini ya kitako kwa ncha ya patasi, kabla ya kupiga msasa wa mwisho. Kama kitako ni kidogo mno, namba peke yake yatosha, jina litakaa kwenye cheti.

Hatua ya pili: kaunta buku

Nunua kaunta buku yenye jalada gumu, uifanye ya kazi hii tu. Kila kazi inayokamilika ipate mstari na namba. Mfumo rahisi ni herufi za jina lako, mwaka, kisha nambari ya mfululizo: kazi ya 14 ya mwaka 2025 inakuwa 2025-014 baada ya herufi zako. Andika kwa kalamu ya wino. Usiruke namba wala usichane ukurasa. Kazi ikiharibika au ukaipaka juu, usifute mstari wake, andika pembeni "imeharibiwa" na tarehe. Ikiuzwa, andika aliyeinunua, lini na kwa kiasi gani.

Kwa nini daftari la mkono wakati simu ipo? Simu huibiwa. Zaidi ya hapo, daftari lililoandikwa kwa mfululizo, kwa kalamu zinazobadilika mwaka hadi mwaka, ni gumu kulighushi kwa mpigo mmoja. Jedwali la kwenye kompyuta linaweza kutengenezwa jana usiku. Piga picha kila ukurasa unapojaa na uitunze mahali pengine, hapo utakuwa na vyote viwili.

Mkiwa kikundi, kama vile ushirika wa Tingatinga pale Morogoro Stores, kila mchoraji awe na lake. Daftari la pamoja huishia kuandikwa na mtu mmoja mwenye subira, na siku akihama mambo yanaishia hapo.

Hatua ya tatu: pima, piga picha, tafuta alama

Pima bila fremu, kwa sentimita, kimo kikitangulia upana. Kinyago kiongezewe kina, na uzito ukiwa na mizani. Usikadirie: 60 × 60 ni 60 × 60, na kama kona moja ya hadibodi imekatwa kombo ikawa 59.4, andika 59.4. Kasoro ndogo kama hiyo ndiyo itakayoitofautisha kazi yako na ya kuiga.

Picha ipigwe nje, kivulini, asubuhi au alasiri. Jua la moja kwa moja hukausha rangi machoni pa kamera, na flashi juu ya enameli inaacha doa jeupe katikati ya mchoro. Enameli inang'aa kama kioo, hivyo egemeza mchoro ukutani ukiwa umeinama mbele kidogo, usimame usawa wa katikati yake. Unahitaji picha nne: mbele yote, nyuma yote, sahihi kwa karibu, na alama ya utambulisho.

Hiyo ya nne ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo roho ya jambo zima. Alama ya utambulisho ni kitu kilichotokea kwenye kazi hii moja na ambacho wewe mwenyewe huwezi kukirudia hata ukilipwa. Unywele wa brashi ulioganda kwenye rangi ya tumbo la kiboko. Tone lililoteleza sentimita moja kabla ya kukauka. Kwenye rangi nene, mfinyango wa brashi kuzunguka jicho la ndege. Kwenye mpingo, ule mstari wa njano hafifu uliobaki kutoka sehemu ya nje ya gogo, karibu na gome: wachongaji wengi huuacha makusudi, na umbo lake halifanani kati ya gogo na gogo. Ipige picha alama hiyo kwa karibu sana ukiweka rula pembeni, kisha ielezee kwa maneno: "unywele wa brashi wa milimita 8, sentimita 11 kutoka ukingo wa chini, sentimita 23 kutoka kushoto." Anayeiga anaweza kuchora kiboko kama wako. Unywele huo hatauweza.

Hatua ya nne: maneno ya cheti

Ukurasa mmoja unatosha. Panga hivi:

CHETI CHA UHALISI
Namba ya kazi:
Msanii: (jina kamili, jina la kisanii likiwepo)
Jina la kazi:
Mwaka na mahali ilipokamilika:
Malighafi:
Vipimo bila fremu:
Sahihi na namba zilipo: (mfano: mbele chini kulia, nyuma, pindo la kushoto)
Alama ya utambulisho:
Idadi: (kazi moja pekee / muundo unaorudiwa / nakala ya ngapi kati ya ngapi)
Tamko: "Nathibitisha kwamba kazi iliyoelezwa hapa na kuoneshwa pichani niliifanya kwa mkono wangu. Hakimiliki ya kazi hii inabaki kwangu."
Mahali, tarehe, sahihi ya msanii:

Baadhi ya mistari hiyo inahitaji ufafanuzi.

*Malighafi.* Dukani tunasema "rangi ya mafuta" kwa rangi ya kupaka mlango na hata kwa rangi ya msanii ya kwenye tyubu. Kwenye cheti tenganisha: "enameli ya viwandani juu ya hadibodi", "akriliki juu ya kitambaa cha pamba". Atakayekuja kusafisha mchoro huo miaka arobaini baadaye ataamua dawa ya kutumia kwa kusoma mstari huu. Wachongaji nao waseme mti kwa jina lake. Vinyago vya miti myepesi vilivyopakwa kiwi nyeusi vikauzwa kama mpingo vimejaa madukani, na hakuna ubaya wowote kuuza mti mwepesi ukisema ni mti mwepesi.

*Idadi.* Hapa ndipo penye majaribu. Mchoraji wa Tingatinga anaweza kumchora tausi yule yule mara kumi, kila mara kwa mkono, kila mara kwa jasho. Kila mmoja ni mchoro halisi, lakini kuandika "kazi moja pekee duniani" ni uongo, na mteja atakutana na tausi wa pili dukani wiki hiyo hiyo. Andika: "Imechorwa kwa mkono, muundo huu nimeuchora zaidi ya mara moja." Sijaona biashara iliyovunjika kwa sentensi hiyo. Chapa za mkono, yaani picha zinazochapwa kwa kibao cha mbao au cha lino kilichochongwa, ziwekewe ukomo kabla ya kuanza kuuza: 7/30 maana yake ya saba kati ya thelathini, na nakala za msanii zisizohesabiwa humo nazo zitajwe idadi yake. Kwa sanamu za shaba, Ufaransa inakubali nakala 12 tu kuhesabiwa kazi asilia: nane za kuuzwa na nne za msanii. Picha ya mchoro iliyotolewa kwa mashine ya wino ni nakala ya mashine, hata ukiisaini, na cheti kiseme hivyo.

*Mkono wa nani.* Karakana nyingi za kwetu zinafanya kazi kwa kusaidiana: mmoja apake usuli, mwingine achore wanyama, mwenye jina amalizie. Msanii Mtanzania George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, miaka yake ya mwisho aliugua sana kisukari na alikuwa na wasaidizi waliofanya sehemu kubwa ya kazi. Leo wanaouza michoro yake wanabishana ipi ni ya mkono wake na ipi ni ya karakana. Ubishi huo ungepungua kwa sentensi moja: "Michoro ya wino ni yangu, rangi zimejazwa na msaidizi." Wafaransa wameliwekea jambo hili kanuni tangu 1981. Muuzaji akiandika kwamba kazi ni ya fulani, amejifunga kwamba fulani ndiye aliyeifanya. "Inahusishwa na fulani" maana yake zipo dalili nzito, si uthibitisho. "Karakana ya fulani" maana yake ilifanyika kwa bwana huyo au chini ya usimamizi wake. "Kwa mtindo wa fulani" haina dhamana yoyote. Ngazi hizo zinafaa kuazimwa hata na asiyewahi kukanyaga Paris.

Kwa wachoraji wa Tingatinga ngazi hizo ni za lazima, kwa sababu jina la mtu limekuwa jina la mtindo. Kwenye mstari wa msanii liwe jina lako wewe. Neno Tingatinga liende chini, kwenye maelezo: "kwa mtindo wa Tingatinga". Ukilipandisha juu, umempa mlanguzi nusu ya uongo wake bure.

*Hakimiliki.* Mteja amenunua kitu, hajanunua haki ya kukichapa kwenye fulana na vikombe. Sheria ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001 zinamwachia msanii haki hiyo mpaka aiuze kwa maandishi. Sentensi ile ya kwenye tamko inamkumbusha tu, na kwa uzoefu wangu wateja wengi, hasa wenye hoteli, huwa hawajawahi kulifikiria jambo hilo.

Kisichotakiwa kwenye cheti ni bei. Bei ni ya kwenye risiti. Thamani hubadilika, na cheti chenye bei ya zamani kitakuja kukudhulumu wewe au mnunuzi wako.

Hatua ya tano: karatasi, sahihi, mhuri

Tumia karatasi nzito, gramu 160 au zaidi, na kama utapata isiyo na asidi ni vizuri zaidi kwa sababu haitageuka njano upesi. Picha ya kazi ichapwe au ibandikwe juu yake. Saini kwa kalamu ya wino wa bluu, ili sahihi ya mkono itofautiane na fotokopi nyeusi. Sahihi iliyoskaniwa na kuchapwa haina maana.

Kisha piga mhuri ukikanyaga nusu picha na nusu karatasi, vile vile tunavyopigiwa mihuri kwenye fomu zenye pasipoti saizi. Huna mhuri? Saini kwa kupita juu ya ukingo wa picha. Lengo ni moja: picha ikibanduliwa na kuwekwa nyingine, mstari usikutane.

Stika zenye hologramu za jozi, moja kwenye cheti na nyingine nyuma ya mchoro, ni nyongeza nzuri kwa anayezimudu. Msimbo wa QR nao unafaa mradi ukumbuke kwamba tovuti hulipiwa kila mwaka, na siku usipolipa, kisanduku kile kitampeleka mteja kusikojulikana. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua kaunta buku ya pili.

Hatua ya sita: kukabidhi na kutunza

Cheti kitoke baada ya malipo kukamilika. Mteja wa mbali akitaka kukiona kabla, mtumie picha ya ukungu kidogo yenye neno "sampuli" limepita katikati. Faili safi la PDF lenye sahihi yako likishaingia WhatsApp limekuwa mali ya umma.

Cheti asilia apewe mnunuzi. Kopi ibaki kwako, ndani ya faili, kwa mpangilio wa namba za daftari. Mshauri mnunuzi asikibandike nyuma ya mchoro. Gundi inaharibu kazi, na mwizi akichukua mchoro atakuwa amechukua na uthibitisho wake.

Kikipotea, usichape kingine kimyakimya. Toa kipya chenye maneno "kinachukua nafasi ya cheti cha tarehe fulani, ambacho sasa ni batili", uandike hivyo na kwenye daftari. Vyeti viwili vizima vya kazi moja ni mwaliko: cha pili kitapata mchoro wake wa bandia.

Zipo kazi ambazo karatasi ikipotea, kazi nayo imepotea. Michoro ya ukutani ya Mmarekani Sol LeWitt huchorwa na watu wengine kwa kufuata maelekezo yake, na anayemiliki hana kitu mkononi ila cheti. Ile ndizi iliyobandikwa ukutani kwa utepe, kazi ya Mwitaliano Maurizio Cattelan ya 2019, iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, mwezi Novemba 2024 kwa dola milioni 6.2. Ndizi huliwa au huoza, hubadilishwa. Kilichonunuliwa ni cheti na maelekezo ya kuibandika. Wasanii wetu wanaofanya kazi za mpangilio wa vitu au za maonesho ya mwili waanze kufikiri kwa namna hiyo, kwa sababu kwao maelezo ya nini hasa kimeuzwa yanahitaji kurasa kadhaa.

Jambo la pembeni kuhusu mpingo. Cheti cha uhalisi si kibali cha kusafirisha. Mpingo na karibu jamaa zake wote wamo tangu Januari 2017 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Bidhaa zilizokamilika, mbao zake zisizozidi kilo 10 kwa shehena, ziliondolewa kwenye masharti hayo mwaka 2019, kwa hiyo mgeni mwenye kinyago kimoja kwenye begi haguswi na CITES. Mwenye kontena aanzie ofisi za misitu. Vitu vya kale vya mila vina sheria yake ya mambo ya kale, na huko cheti chako hakisaidii kitu.

Kwa mnunuzi: kazi kwanza, karatasi baadaye

Kosa la kawaida ni kusoma cheti kwa makini na kuutupia mchoro jicho moja. Geuza. Anza na kazi.

Chukua mfano wa mchoro unaodaiwa kuwa wa E. S. Tingatinga mwenyewe. Uko juu ya nini? Akiwa hai alitumia hadibodi, kwa kawaida vipande vya mraba vya karibu sentimita 60. Kanvasi ya pamba ilikuja kuzoeleka kwa waliomfuata. Nyuma ya hadibodi panatakiwa pawe pamezeeka kwa miaka zaidi ya hamsini: rangi iliyofifia kwa usawa, alama za misumari, pengine vumbi lililokaa kwenye vinyweleo vya mbao. Rangi ya kahawia iliyopakwa jana kwa chai haizeeki hivyo, huacha mawimbi ya maji. Na kama kuna tarehe inayozidi 1972, huhitaji hata kumaliza kukagua.

Kinyago cha mpingo kipime kwa mkono. Mpingo ni mzito kuliko maji, kipande chake huzama. Muulize muuzaji kama unaweza kukwaruza kidogo chini ya kitako: weusi ukitoka kama polishi na ndani kukawa kweupe, umepata jibu lako.

Baada ya hapo ndipo uchukue cheti ulinganishe namba, vipimo na alama ya utambulisho. Pima kwa rula yako mwenyewe, usisome tu. Nani amesaini, na yeye anajuaje? Kama msanii yu hai, mtumie picha ya kazi pamoja na cheti umwulize. Wengi hujibu siku hiyo hiyo, na wengine hukasirika, jambo ambalo nalo ni jibu.

Usiridhike kwa sababu karatasi ni nyingi. Uingereza, John Drewe aliuza michoro iliyochorwa na John Myatt kwa rangi ya nyumba, akiisingizia wasanii wakubwa. Hakughushi vyeti tu: aliingia kwenye kumbukumbu za majumba ya makumbusho ya London na kupachika humo nyaraka za uongo, ili mtafiti akienda kuhakiki azikute. Walihukumiwa mwaka 1999, na kilichokuwa batili ni ushahidi uleule ambao wataalamu waliuamini kuliko macho yao. Mjerumani Wolfgang Beltracchi, naye mghushi wa michoro, alimvalisha mkewe nguo za kizamani, akampiga picha kana kwamba ni bibi wa mke huyo, kutoka familia iliyokuwa na mkusanyo wa michoro. Mchoro wake mmoja uliodaiwa kuwa wa 1914 uliuzwa Köln mwaka 2006 kwa zaidi ya euro milioni 2.8. Kilichomuumbua ni rangi nyeupe ya titani, ambayo wachoraji hawakuwa nayo mwaka huo.

Pia usishangae ukiambiwa kwamba kwa msanii fulani hakuna tena anayetoa cheti. Kamati za kuhakiki kazi za Andy Warhol, Keith Haring na Jean-Michel Basquiat zote zilifungwa mwaka 2012, kwa sehemu kubwa kwa kuchoshwa na kesi na gharama za mawakili. Kwa hiyo mtu akikupa "cheti kipya cha Warhol" kutoka kamati hiyo chenye tarehe ya mwaka jana, mwulize kimetoka ofisi ipi.

Kazi za zamani zisizo na cheti

Msanii akiwa hai, mpelekee kazi yenyewe. Picha ya simu haitoshi kwa sababu msanii naye husahau, na muundo alioufanya mara ishirini hawezi kuutambua kwa picha. Akiikubali, aipe namba mpya kwenye daftari la sasa, aandike "imetambuliwa na msanii" pamoja na mwaka anaokumbuka kuifanya, na asipokumbuka vizuri aandike "takriban 1998". Tarehe ya cheti iwe siku anayosaini. Kurudisha tarehe nyuma ili karatasi ionekane ya zamani ni kughushi, hata kama mchoro ni wake kweli.

Kama amefariki, kusanya kile kilichopo bila kukipamba: risiti, barua, kadi ya maonesho, picha ya familia ya mwaka 1975 ambamo mchoro unaonekana ukutani nyuma ya bibi harusi. Viweke kwenye bahasha moja na karatasi inayoorodhesha nani alikuwa na kazi hiyo, kuanzia lini hadi lini, na aliipataje. Mahali msipojua paachwe wazi, paandikwe "haijulikani". Karatasi hiyo iite historia ya umiliki, isiitwe cheti, na aliyeiandaa asaini kwa jina lake.